Sikio la Isumbi

1

"Alama mbili," lilisema Sikio. "Mama huyu bado. Arudi nyumbani, anywe maji ya kutosha, atembeetembee."

Subilaga alikuwa amepiga magoti sakafuni, kaegemeza paji la uso kwenye ukingo wa kitanda, na mtoto alikuwa ameshuka kiasi kwamba hata kukaa hawezi. Kutembea? Alikuwa ametoka kutembea. Kilomita nne kutoka mashamba ya chai hadi zahanati, akisimama kila hatua mia mbili kushikilia migomba ya watu. Sasa kidude cheupe kilichobandikwa darini, ukubwa wa kisahani cha chai, kinamwambia akatembeetembee.

Alivuta pumzi kwa pua, akaitoa polepole, akang'ata pindo la kitenge mpaka uchungu ukapita.

Nesi Tusekile alivua glovu na kuitupa kwenye ndoo. Huyu ndiye mkunga mkuu wa Zahanati ya Wakunga ya Isumbi, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, aliyepokea nusu ya watu wanaotembea kwenye kilima kile kabla hilo dude halijabandikwa.

"Sentimita saba," alisema. "Na mtoto kakaa vizuri."

"Basi lipigie kelele, Nesi," alisema Subilaga. "Kama ulivyomfanyia wifi yangu."

Nesi Tusekile alitazama mlango kwanza. Kisha akainama karibu na sikio lake, sikio la nyama.

"Wameshanikamata, Mama Ipyana. Mkaguzi yuko ofisini, kafika asubuhi hii na barua."

Hapa lazima mambo yaelezwe, maana ukiyasikia juujuu utadhani ni mzaha.

Watu waliounda Sikio hawakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linalokera zaidi. Zamani mama alikuwa akilia kwenye wodi, nesi anamjibu: mbona siku ile hukulia? Wengine walizabwa vibao. Wengine walilia mpaka wakanyamaza moja kwa moja, hakuna aliyewaamini. Ndipo Mamlaka ya Uzazi ikaapa kwamba hakuna mama atakayetiliwa shaka tena. Wakachukua vilio vya wanawake laki mbili kutoka wodi za mijini, wakavifundishia mashine. Mashine inasikiliza, inatoa alama kuanzia sifuri hadi kumi. Ukifika saba kila kitu kinafunguka: kabati la dawa linajifungua lenyewe, ndege isiyo na rubani inaruka na damu, jina lako linaingia kitabuni. Chini ya saba hakifunguki kitu. Nesi hawezi kupinga, daktari hawezi kupinga. Waliizuia mikono yao makusudi, asije mtu akamwambia tena mama kwamba anadeka.

Vizuri sana. Ila katika hizo sauti laki mbili, hakuna aliyepanda Isumbi kusikiliza wanawake wa Isumbi wanavyozaa.

Isumbi mwanamke halii akiwa kwenye uchungu. Si kwamba haumii, anaumia kama wenzake. Ila bibi zao waliwafundisha kwamba kilio cha kwanza ndani ya chumba cha uzazi ni mali ya mtoto. Ndicho kitu cha kwanza anachomiliki duniani, kabla ya jina, kabla ya nguo. Mama akitangulia kulia, amemnyang'anya mwanawe. Kwa hiyo wanapumua, wanang'ata kitenge, wanashika mkono wa mtu. Unaweza kupita nje ya dirisha mwanamke anazaa ndani, wewe ukadhani kuna mtu anashona.

Mvua za kwanza baada ya Sikio kubandikwa, Anyimike Mwasote alitokwa na damu kwenye kitanda hikihiki akiwa na alama tatu. Sindano ya kuzuia damu ilikuwa hatua mbili kutoka mguuni pake, ndani ya kabati, na kabati halikufunguka. Nesi Tusekile alilipiga kwa kigoda. Kabati lile ukililazimisha linachemsha chupa zote zilizomo mpaka dawa iharibike, na ndivyo lilivyofanya. Anyimike alikuwa na miaka ishirini na miwili. Ripoti ya Mamlaka ilisema mgonjwa hakuonyesha dalili.

Tangu siku ile Nesi Tusekile alifanya alilofanya. Mama akifika sentimita saba, yeye anavuta pazia, anasimama chini ya Sikio, anapiga ukelele wa mtu anayechinjwa. Alikuwa fundi. Alama nane, alama nane na nusu, kabati linafunguka, kazi inaendelea. Mara arobaini na moja. Mpaka mashine nyingine huko makao makuu, inayohesabu mashine hizi, ikagundua kwamba pale Isumbi kuna mwanamke mmoja aliyejifungua mara arobaini na moja katika miezi kumi na minne, na siku moja ya Machi alijifungua asubuhi na jioni.

2

Mkaguzi aliitwa Erasto Kihwelo. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi, na alibisha hodi kabla ya kupita pazia, jambo ambalo Subilaga alilikumbuka baadaye na kulihesabu upande wake mzuri.

"Pole, mama."

"Asante."

Mama mkwe wake Subilaga, Bi Kissa, alikuwa amekaa kwenye kigoda na beseni mapajani. Alivuta kitenge akamfunika mkwewe miguu.

"Sauti ya nesi nimeshaifungia," alisema Erasto, akifungua kisanduku kidogo. "Hatutamshtaki. Mimi mwenyewe nimemwombea. Ila kuanzia leo Sikio litasikiliza koo la mama peke yake." Alitoa kibandiko chembamba kama plasta ya kidonda. "Samahani, naomba shingo."

Alikibandika kwa uangalifu, chini kidogo ya kidevu. Taa ya Sikio ikabadilika kutoka manjano kuwa buluu.

"Nikinyamaza?" aliuliza Subilaga.

"Kwa nini unyamaze? Kulia ni haki yako, mama. Watu wamepigania haki hiyo."

"Haki au amri?"

Erasto alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeulizwa swali hilo vijiji vingine. "Wahenga walisema mficha uchi hazai."

"Mimi nimeficha nini? Nesi kaniona nilivyo, vidole vyake vimepima. Wewe ndiye unayekataa kutazama, unatazama dari." Uchungu mwingine ulimkamata hapo katikati ya maneno. Alifumba macho, akapumua, vidole vyake vikashika mkono wa Bi Kissa mpaka kucha zikaingia. Ulikuwa mrefu. Chumba chote kilisubiri.

"Alama mbili," lilisema Sikio. "Mama huyu bado. Arudi nyumbani."

"Umeliona," alisema Nesi Tusekile.

Erasto aliandika kitu kwenye kishikwambi chake. Mkono ulikuwa mwepesi mwanzoni, kisha ukapungua kasi. Si mjinga. Aliona jasho kwenye shingo ya mwanamke yule, aliona kucha kwenye mkono wa mama mkwe. Lakini alikuwa ametumwa.

"Mama, nisikilize," alisema, kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza. "Kelele moja tu. Ukifika saba, kabati linafunguka. Mimi nafunga jalada la Isumbi, naandika kwamba Sikio linafanya kazi, narudi mjini. Hakuna atakayemsumbua tena nesi. Moja tu."

Subilaga alikuwa anafikiri, na kufikiri katikati ya uchungu ni kazi nzito.

Yeye ni mwanamke wa kutoka damu. Alipomzaa Ipyana, miaka sita iliyopita, kabla ya Sikio, damu ilijaza beseni na nesi alimchoma sindano akiwa ameshaanza kuona giza. Kwa hiyo kabati lile si pambo kwake. Akilia sasa, akiwa bado na nguvu, sindano iko mezani inamsubiri. Asipolia, anaweza kulala alipolala Anyimike.

"Mama," alimwambia mkwewe, "nifanye nini?"

Bi Kissa alikuwa amezaa saba chumba cha nyuma cha nyumba yake bila kutoa hata mguno, na kila mtu kilimani alijua hivyo.

"Lia, mwanangu," alisema. "Mtoto nitamwomba radhi mimi."

Subilaga hakutegemea ruhusa ile, na ilimuuma kuliko kama angekatazwa. Alifungua mdomo. Kweli alifungua, pumzi ikamjaa kifuani, na Erasto akainua macho kutoka kwenye kishikwambi kwa matumaini.

Hapo ndipo neno moja la Erasto lilipomrudia. Naandika kwamba Sikio linafanya kazi.

Anyimike alikuwa akichuma naye chai mstari mmoja. Alikuwa na mazoea ya kuimba akikosea maneno makusudi ili wenzake wacheke. Kama Sikio linafanya kazi, basi Anyimike alikufa kwa ubishi wake. Kama Sikio linafanya kazi, basi ripoti ni ya kweli, hakuonyesha dalili, na yule nesi aliyevunja kigoda akijaribu kumwokoa ndiye mwongo. Na wifi zake, na binti yake siku moja, kila mmoja atapanda kitanda hiki aigize kilio cha watu wa mjini ili apewe dawa ambayo mwili wake ulishaomba kwa njia zote nyingine. Yote hayo kwa kelele moja, na sahihi ya mtu mwenye shati la pasi.

Hasira ilimpanda kutoka miguuni. Alifumba mdomo.

"Sikio lako ni bovu," alimwambia Erasto. "Silii ili wewe uandike kwamba ni zima."

"Mama Ipyana," alisema Nesi Tusekile, na sauti yake haikuwa ya kawaida, "usife kwa ajili ya karatasi. Nakuomba."

"Sifi. Zalisha, Nesi."

3

Mtoto alikuja saa nne asubuhi, jua limeingia dirishani mpaka kwenye miguu ya kitanda.

Erasto alikuwa nyuma ya pazia, kama kanuni inavyotaka. Aliyoyasikia ni maji kumwagwa, nesi akisema sukuma, pumua, sasa tulia, na pumzi za Subilaga, nzito, zenye mpango, kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani. Hakusikia kingine. Kila dakika chache Sikio lilitoa hukumu yake: mbili, tatu, mbili. Alianza kuona aibu, ila bado hakujua ya nini.

"Kichwa hicho," alisema Nesi Tusekile. "Kimetoka. Usisukume sasa."

"Alama tatu," lilisema Sikio. "Mama huyu bado. Arudi nyumbani."

"Arudi hivihivi, kichwa kinaning'inia?" aliuliza Bi Kissa, akilitazama dari. "Wewe mama yako alikuzalia wapi?"

Subilaga alitaka kucheka, na pengine kicheko kile ndicho kilichomsukuma mtoto nje. Alikuwa wa kike. Alikaa kimya kwa muda wa kuhesabu tatu, wote watatu wamemkodolea macho, kisha akakunja ngumi na kulia. Kililia kitoto kile kwa sauti kavu, ya haki, ya mwenye mali. Chumba kizima kilikuwa chake.

"Chukua," alinong'ona Subilaga. "Ni chako chote."

Kondo la nyuma lilifuata, zima. Nesi Tusekile alilikagua kwenye beseni na kutikisa kichwa kuridhika. Halafu akatazama kitandani, na kichwa kikaacha kutikisika.

Damu haikukata. Ilikuja tu, bila haraka, ikalowesha kitenge cha kwanza, ikalowesha cha pili, ikaanza kudondoka sakafuni. Nesi aliweka kiganja juu ya tumbo akaanza kulikanda kwa nguvu zake zote, akitafuta mji wa mimba ujikaze, na mji wa mimba ulikuwa laini kama unga uliozidi maji.

"Mkaguzi, ingia. Fungua kabati."

Erasto aliingia, akaona, akasahau kanuni. Alichomeka kadi yake kwenye kabati.

"Ufunguo wa mkaguzi umepokelewa," lilisema kabati. "Tunasubiri alama saba za mama."

"Hii ni kadi ya dharura," alisema Erasto.

"Tunasubiri alama saba za mama."

Alipiga simu makao makuu. Sauti tamu ya kurekodiwa ilimshukuru kwa uvumilivu wake.

"Lia sasa, mwanangu," alisema Bi Kissa. Alikuwa amempakata mtoto kwa mkono mmoja na kwa mwingine anampapasa mkwewe shavu. "Mtoto keshalia. Hudaiwi. Lia."

Ilikuwa kweli, hakudaiwa tena na mtu. Ripoti za Erasto alizisahau, alimtaka mtoto wake tu. Subilaga alikusanya kila alichokuwa nacho, akafungua mdomo na kulia. Kilichotoka kilikuwa kama mwayo wa paka.

"Alama moja," lilisema Sikio. "Mama amepumzika vizuri."

Nesi Tusekile alitoa sauti ambayo si neno, bila kuacha kukanda. Maana ndipo walipoelewa wote, na Erasto alielewa kuliko wote, kwamba haikuwa habari ya Isumbi peke yake. Mtu anayetokwa na damu hana sauti. Kadiri anavyokaribia kufa ndivyo anavyonyamaza, awe wa mjini, awe wa kilimani. Sikio lilifundishwa na waliokuwa na nguvu ya kulia. Waliozimika kimyakimya hawakuwamo.

Erasto alianza kulipiga kabati kwa ngumi. "Fungua!" alipiga kelele. "Fungua, anakufa!" Mishipa ilimtoka shingoni. Sikio halikumjali, maana lilikuwa limefungwa kwenye koo moja tu, na aliyelifunga ni yeye.

Subilaga aliyaona hayo kwa mbali, pembe za chumba zikianza kuingia giza. Aliona mdomo wa mkaguzi ukifunguka na kufumba. Aliona shingo yake. Mkono wake ulikuwa mzito kama si wake, lakini aliuinua, akashika ncha ya kibandiko, akakibandua. Kisha akamwita Erasto kwa kidole.

Erasto aliinama, akidhani anataka kuacha wosia. Subilaga akambandika kile kitu kwenye kikoromeo, akakikandamiza kwa dole gumba.

"Lia wewe," alisema.

Naye akalia. Hakuigiza. Alilia kama mtu mzima anavyolia akiona alichokifanya kwa mikono yake, mdomo wazi, bila aibu, mpaka mtoto mikononi mwa Bi Kissa akashtuka.

"Alama tisa nukta nne," lilisema Sikio. "Mama huyu yuko tayari. Hongera, mama. Usiogope, hauko peke yako."

Kabati lilifunguka.

Nesi Tusekile hakungoja hongera. Sindano ya kwanza paja la kushoto, dripu mkononi, sindano ya pili. Aliendelea kukanda, jasho likimdondoka puani, na baada ya muda ambao hakuna aliyeupima, chini ya kiganja chake tumbo likakaza, gumu kama nazi. Damu ikapungua, ikawa matone, ikakata. Nje ndege isiyo na rubani ilitua uwanjani na chupa mbili za damu, kwa ajili ya mgonjwa Erasto Kihwelo, jina la kadi iliyochomekwa kabatini. Kwa bahati Nesi Tusekile alikuwa na vipimo vyake na chupa moja ililingana na damu ya Subilaga.

4

Saa nane mchana Subilaga alikunywa uji. Mtoto alilala kifuani pake, ameshiba, ngumi bado zimekunjwa. Bi Kissa alikuwa akifua vitenge nje, na maji yalisikika yakimwagwa mara kwa mara.

Erasto alikuwa amekaa kwenye kigoda na kishikwambi magotini. Shati halikuwa tena la pasi. Kibandiko bado kilikuwa shingoni, amesahau kukitoa, na Nesi Tusekile hakuona sababu ya kumkumbusha. Kitabu cha uzazi kilikuwa kimeshajijaza chenyewe: mzazi, Erasto Kihwelo, hali ya mzazi, nzuri, ashauriwe kunyonyesha mapema.

"Naandika ripoti," alisema.

"Nisomee."

Alisoma. Tarehe, mahali, saa. Kisha akakohoa. "Sababu ya tukio: hitilafu ndogo ya kifaa."

Subilaga aliweka kikombe chini. Alikuwa mweupe midomo, lakini macho yake yalikuwa yaleyale ya asubuhi.

"Ndogo," alisema.

"Ndiyo lugha yao, mama. Nikiandika vingine watalirudisha jalada, watanihoji. Naweza kupoteza kazi."

"Asubuhi uliniambia kelele moja tu. Na mimi nakuomba neno moja tu. Futa hilo."

Erasto aliitazama damu iliyokaukia kwenye viatu vyake. Alifuta. Ikabaki hitilafu, peke yake, haina pa kujificha.

"Panafuata majina ya walioathirika," alisema kwa sauti ndogo. "Subilaga nani?"

"Usianze na mimi," alisema Subilaga. "Wa kwanza ni Anyimike Mwasote. Andika kwamba alionyesha dalili zote, na nesi wake yupo hapa atazitaja moja moja. Mimi niweke wa pili."

Nesi Tusekile alivuta kigoda kingine, akakaa karibu na mkaguzi, akaanza kutaja. Erasto akaandika.